Mlango wa pili: kuzunguka Uingereza bila kulipa kiingilio

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, niko Tanga. Binti yetu anasoma Leeds na ametualika mimi na mama yake kwa siku kumi na mbili, mwezi wa Septemba. Viza tumepata, tiketi za ndege amekata yeye. Nilikaa na daftari nikaorodhesha tunavyotaka kuviona, nikajumlisha viingilio vya watu wawili, nikalifunga. Je, vipo vya bure vyenye maana, au tutaishia kupiga picha nje ya mageti? Na mke wangu amesema harudi nyumbani bila kuwaona wale walinzi wa kofia za manyoya.

Jibu: Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa binti.

Orodha uliyoambatisha ina vitu saba: Westminster Abbey, kanisa kuu la St Paul's, Bunge, jengo la Shard, Tower of London, Stonehenge na ngome ya Edinburgh. Karibu kila mgeni huja na orodha hiyo hiyo, na karibu yote ina kiingilio. Lakini nimewazungusha watu wetu kule miaka mingi na kuna jambo nimelizoea: sehemu nyingi za kulipia zina mlango wa pili. Pengine ni mlango kweli, upande mwingine wa jengo. Pengine ni saa nyingine. Pengine ni jirani yake ambaye hana jina kubwa. Acha niipitie orodha yako kwa jicho hilo, kisha nikuongezee ambavyo hukuviandika.

Tuanze na Westminster Abbey, kwa sababu najua kwa nini mwalimu wa historia kutoka pwani yetu ameiweka ya kwanza. Mchana mtu mzima hulipa zaidi ya pauni 25. Jioni, kwa kawaida saa kumi na moja, kuna ibada; kwenye ratiba yao tafuta neno Evensong. Ibada hailipiwi, maana Waingereza, pamoja na biashara yao yote, bado wanaona haya kumtoza mtu anayeingia kanisani kusali. Fikeni nusu saa kabla, mpange foleni ya ibada na si ya tiketi, na mtu wa mlangoni akiuliza, mwambieni mmekuja kwa ibada. Mtakaa kwenye viti, kwaya itaimba, na sauti zitapanda hadi kwenye dari la mawe lililo mita 31 juu yenu. Ni kama dakika arobaini na tano. Hakuna kuzurura na hakuna kupiga picha. Mwanzoni mwa Septemba huenda kwaya yenyewe bado iko likizo na wakaimba wageni, haidhuru.

Katikati ya ukumbi mkuu, sakafuni, kuna kaburi la Livingstone. Mkitolewa kwa mlango mkubwa wa magharibi mtapita karibu nalo. Alizikwa hapo tarehe 18 Aprili 1874, baada ya mwili wake kubebwa kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, kisha melini. Jiwe linasema aliletwa na mikono miaminifu, nchi kavu na baharini. Mikono hiyo ilikuwa na majina, Susi na Chuma na wenzao, nawe umeyafundisha darasani, jiwe halikuyataja. Jacob Wainwright, aliyesafiri na jeneza, alikuwepo siku ya maziko. Mimi kila nikipita pale huyataja majina yao kimoyomoyo, nikaendelea.

St Paul's ni utaratibu huo huo na saa ile ile, kwa hiyo chagueni jioni mbili tofauti. Sijui nyinyi mnasali wapi. Kama kukaa ndani ya ibada ya watu kunawapa taabu, iacheni London, nendeni Durham. Ni kama saa moja tu kwa treni mkishafika York, na kanisa kuu lake, lililoanza kujengwa 1093, huingiwa mchana kutwa bila tiketi. Kuna sanduku la mchango mlangoni. Kwa macho yangu linalishinda St Paul's: nguzo nene kama mibuyu, zimechongwa mistari ya zigizaga.

Bunge sasa. Kinacholipiwa ni ziara ya kuongozwa. Kukaa jukwaa la wageni na kusikiliza mjadala ni bure, na mgeni wa nchi nyingine haulizwi barua ya mtu yeyote. Anapanga foleni, anakaguliwa kama uwanja wa ndege, anaingia. Isipokuwa Jumatano mchana, Waziri Mkuu anapojibu maswali, wakati huo wakazi wa nchi hutangulizwa. Uzuri wa mlango huu ni njia yenyewe: kabla ya kufika juu mnapitishwa Westminster Hall, ukumbi uliojengwa 1097, ambamo Mfalme Charles wa Kwanza alihukumiwa mwaka 1649. Watu huupita mbio wakiwahi wabunge. Nyinyi simameni mtazame lile paa la mbao. Tahadhari moja: wabunge hurudi kutoka likizo mwanzoni mwa Septemba, hukaa kama wiki mbili, kisha huondoka tena kwa mikutano ya vyama vyao. Mkikuta wamefunga, mahakama ya jinai ya Old Bailey ina majukwaa ya umma, nayo ni bure, na kesi ni za kweli. Lakini simu hairuhusiwi kuingia, wala begi, na wao hawakutunzii. Acheni simu kwa binti.

Shard ifute kabisa. Watu hulipa kupanda mita 244 kuiangalia London. Ng'ambo ya mto, kwenye jengo la 22 Bishopsgate, kuna ukumbi wa kutazamia uitwao Horizon 22, uliofunguliwa 2023. Uko mita 254 na hulipi kitu. Ndiyo, wa bure uko juu kuliko wa kulipia. Unachotakiwa ni kuweka nafasi mtandaoni mapema, na nafasi za jioni huisha haraka. Zikiisha kuna Sky Garden, jirani tu, utaratibu huo huo, chini zaidi, ila ndani yake kuna bustani. Binti aanze kuzitafuta nafasi wiki tatu kabla.

Tower of London haina mlango wa pili. Niliutafuta, haupo. Ukiamua kulipia kitu kimoja safari nzima, lipia hiki, mkatie mama tiketi aone yale mataji ya kifalme yanayotunzwa humo, mkae tangu asubuhi. Usipolipa, ukutani kwa nje pamoja na daraja la Tower Bridge mnaweza kupitisha saa nzima, na kuvuka daraja kwa miguu ni bure. Kinacholipiwa ni kupanda juu ya minara yake.

Stonehenge, lile duara la mawe ya kale. Hapa nina ugomvi na nusu ya watalii wa dunia. Unalipa zaidi ya pauni 20, unapandishwa basi dogo, unayazunguka mawe nyuma ya kamba, huyagusi. Kuna njia ya umma inayopita karibu na uwanja, na ukitembea nayo unayaona vizuri tu bila tiketi. Lakini ushauri wangu ni kuiacha Stonehenge yenyewe, mwende Avebury. Ni duara la mawe pia, la zamani zile zile, na ni kubwa kiasi kwamba ndani yake mna kijiji: nyumba, barabara, baa. Hakuna geti. Unaweka kiganja kwenye jiwe lililosimikwa miaka zaidi ya elfu nne iliyopita, kondoo wanakula majani pembeni, na mzee wa kijijini anapita na mbwa wake kama vile hakuna jambo. Kutoka London mnapanda treni hadi Swindon, karibu saa moja, kisha basi namba 49. Vaeni viatu vya matope.

Ngome ya Edinburgh inapendeza zaidi ikitazamwa kutoka nje kuliko ukiwa ndani, na mahali pa kuitazamia ni paa la National Museum of Scotland. Ingieni, kwanza mmwone Dolly, yule kondoo wa kwanza kunakiliwa kutoka seli ya kondoo mzima, amekaushwa na anazunguka taratibu kwenye kabati la kioo. Halafu mtafute lifti ya kwenda juu. Ngome yote iko mbele yenu. Kila siku isipokuwa Jumapili hupigwa mzinga kutoka kwenye ngome hiyo saa saba kamili mchana, na sauti yake hailipiwi popote mjini. Magoti yakiruhusu, kilima cha Arthur's Seat kina mita 251 tu. Magoti yakikataa, Calton Hill ni dakika kumi za kupanda.

Hayo ndiyo saba yako. Sasa yale ambayo hukuyaandika, na ndiyo utajiri wenyewe.

Makumbusho ya taifa ya Uingereza hayana kiingilio. British Museum ilifunguliwa 1759, na tangu mwanzo ilikuwa bure; mengine mengi yaliwahi kutoza, kisha mwezi Desemba 2001 serikali ikayafungulia yote. Kwa hiyo British Museum, National Gallery, Natural History Museum na nyangumi wake wa mita 25 aning'iniaye darini, makumbusho ya sayansi, Victoria and Albert (makumbusho ya sanaa na ubunifu), yote mnaingia mikono mitupu. Kosa la wageni ni kutaka kuyamaliza. Hayamalizwi. Chagua vyumba viwili. Kwa British Museum, wewe Mwalimu, chumba namba 25, chini, kule kwenye Afrika: bamba za shaba za Benin zilizochukuliwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897 zimepangwa safu kwa safu, na maelezo ukutani yana maneno mengi ya adabu kuhusu namna zilivyofika pale. Nendeni Ijumaa, siku hiyo hufungwa saa mbili na nusu usiku na umati huwa umepungua. National Gallery nayo siku hiyo hufika saa tatu.

Kwenye haya makumbusho kuna mtego mdogo. Ukiingia unakutana na meza, nyuma yake kijana mwenye tabasamu na mashine ya kadi, na bango lenye bei. Bei hiyo ni ya maonyesho maalumu ya msimu, au ni mchango wanaoupendekeza. Niliwahi kuwa na kikundi, mama mmoja akatangulia, akatoa pauni 20 akajua ni kiingilio cha wanne, na hakuna aliyemwambia kitu. Salimia, pita. Mkitoka mmefurahi, wekeni sarafu sandukuni kwa hiari yenu.

Na masanduku ya magurudumu msiende nayo. British Museum hawayaruhusu kuingia kabisa, na kuhifadhi mzigo kituoni kunagharimu kuliko chakula cha mchana cha wawili. Siku ya kusafiri si siku ya makumbusho.

British Library, karibu na kituo cha King's Cross, ina chumba kimoja chenye mwanga hafifu: hati ya Magna Carta ya 1215, iliyomwekea mfalme mipaka, Injili zilizoandikwa kwa mkono miaka elfu moja na zaidi iliyopita, misahafu, na makaratasi ambayo wanamuziki wa Beatles waliandikia nyimbo zao. Bure. Kwa kuwa mtapandia treni ya Leeds hapo hapo King's Cross, wahini saa moja kabla, mzigo mmoja akae nao binti nje, mpokezane.

Mkifika Leeds mmefika kwenye mji ulio katikati ya safari zenu, na hilo ni bahati, si hasara. Royal Armouries, makumbusho ya silaha, hailipiwi, ina deraya ya tembo kutoka India, mabamba ya chuma kwa maelfu. York ni karibu nusu saa kwa treni: kuta za mji wa kale unaweza kuzitembea juu yake, kilomita tatu na kitu, na hapo hapo karibu na kituo kuna makumbusho ya reli yenye Mallard, injini ya mvuke iliyokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Kanisa la York Minster lina kiingilio, lakini mlango wa pili mnaujua tayari. Manchester ina maktaba ya John Rylands, iliyofunguliwa 1900, inayofanana na kanisa kuliko makanisa. Humo mna kipande cha mafunjo cha Injili ya Yohana kisichozidi kiganja. Na kama binti atapata siku ya kuwapeleka mashambani, aulizie Malham Cove, jabali jeupe la chokaa lenye kimo cha mita 80, limesimama katikati ya malisho kama ukuta. Mnafuata njia ya miguu kutoka kijijini. Vijia vya umma vya England vinakatisha mashamba ya watu kihalali. Fungua geti, pita, lifunge.

Kuna kimoja kilicho mbali na njia yenu ambacho sitaki kukiacha. Cardiff, Wales, saa mbili kutoka London. Nje ya mji kuna St Fagans, makumbusho ya wazi ambako nyumba za kale kutoka Wales nzima zilibomolewa jiwe kwa jiwe zikajengwa upya. Humo kuna safu ya nyumba sita ndogo za wafanyakazi wa chuma, zimeunganika kama kota za reli. Ya kwanza imepambwa kama ilivyokuwa 1805, ya pili 1855, halafu 1895, 1925, 1955, ya mwisho 1985. Unatoka mlango mmoja unaingia wa jirani, na miaka inapita: meko ya wazi, kisha jiko la chuma, kisha redio, kisha televisheni. Vyumba ni vile vile kwa ukubwa. Nimeona watu waliopita mbio kila mahali wakikaa pale saa nzima wakitoka na kuingia. Hakuna kiingilio, ila mwenye gari hulipia maegesho.

Septemba mmeipatia. Mwezi huo kuna siku kama kumi ziitwazo Heritage Open Days, England nzima, ambapo majengo ambayo kwa kawaida hulipiwa au hufungwa kwa umma hufungua milango bure: mahekalu ya kale, viwanda, ofisi za serikali, mitambo ya maji. London wana yao, Uskoti na Wales vile vile. Tarehe na orodha hutoka mtandaoni kabla; binti atafute Leeds na York kwanza. Baadhi hutaka kuweka nafasi.

Neno kuhusu ziara za matembezi zinazotangazwa kuwa ni za bure: si za bure. Kiongozi anaishi kwa bakshishi na mwisho wa ziara atasimama mbele yenu na kofia. Ni kazi halali na wengi ni hodari, lakini iwekeni kwenye bajeti kama matumizi.

Kitakachowamaliza ni nauli, Mwalimu, si viingilio. London msipande treni ya chini kwa mazoea. Pandeni basi, mkae ghorofa ya juu, mbele. Ukigusisha kadi ya benki unalipa chini ya pauni 2, na ndani ya saa moja tangu kugusisha mara ya kwanza unabadili mabasi mengine bila kuongeza. Kila mtu na kadi yake. Nje ya London, tangu Januari 2025 safari moja ya basi la kawaida England imewekewa ukomo wa pauni 3, kwa makampuni yaliyomo kwenye mpango huo, na ni mengi. Treni za mbali kata mapema, wiki kadhaa. Tiketi ile ile siku ya safari inaweza kuwa mara tatu. Na kwa kuwa mnasafiri wawili pamoja, kuna kadi ya punguzo ya reli iitwayo Two Together, pauni 35, yenye majina na picha zenu. Inapunguza theluthi moja ya nauli, isipokuwa asubuhi ya siku za kazi kabla ya saa tatu na nusu. London hadi Leeds na Leeds hadi Edinburgh, kwenda na kurudi, itakuwa imejilipa. Vyoo vya vituo vikubwa vya treni havilipiwi tena tangu 2019, na makumbusho mengi yana vyoo na bomba la kujazia chupa. Kwa watu wa umri wetu hiyo si habari ndogo.

Sasa walinzi wa mama. Wale wa kofia ndefu za manyoya hubadilishana zamu Buckingham Palace saa tano asubuhi, kwa kawaida Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Watu husimama kwenye geti tangu saa tatu na kuona migongo ya wenzao. Msiende getini. Saa nne na nusu muwe nje ya St James's Palace, umbali wa matembezi mafupi, ambako kundi la zamu ya zamani hukusanyika. Wakitoka na bendi yao kuingia barabara ya The Mall, mama atembee nao sambamba kando ya njia, hatua kwa hatua, hadi Ikulu. Atawaona kwa karibu kuliko aliyeamka alfajiri. Wale wa farasi, kule Horse Guards, hubadilishana kila siku saa tano, Jumapili saa nne, ila mwambie mapema kwamba hao wana kofia za chuma zenye vishungi, si manyoya, asije akasema nimemdanganya. Mvua kubwa ikinyesha sherehe ya Ikulu hufutwa, kwa hiyo ipangeni siku za mwanzo za London, isiwe asubuhi ya kuondoka.